Ukishalikata paa la kigari cha marehemu, halirudi!

Vuta kiti, agiza chai ya rangi, tuzungumze.

Leo nataka kuwasemea watu wanaosemwa sana pembeni. Mtu mzima, ana mke, ana watoto, ana kitambi chake cha heshima, lakini ikifika Jumamosi jioni unamkuta kajifungia chumbani anakipiga msasa kigari cha plastiki chenye urefu wa kiatu cha mtoto. Majirani wanacheka. Mke naye anajiuliza kimoyomoyo: "Hivi huyu utotoni alinyimwa vitu vya kuchezea?"

Jamani, msicheke haraka. Sisi tuliokulia kwenye magari ya waya tunaujua utamu wake. Nani kasahau kukunja waya mpaka vidole vinatoka damu, kukata kandambili iliyochakaa ikawa tairi, halafu kufunga usukani mrefu ukakimbiza gari mtaa mzima huku mdomo ukinguruma badala ya injini? Ukilimaliza la kwako unaliangalia la mwenzio, kesho yake unalibomoa lote ulijenge upya lifanane na Scania. Basi wenzetu wa Marekani, Uingereza na Japani walikuwa na ugonjwa huo huo, ila wao waliletewa ndani ya boksi.

Kwa wasioyajua hayo maboksi, ngoja niwapashe. Ukifungua unakuta vipande vidogo vidogo vya plastiki vimeshikana kwenye fremu kama matunda kwenye tawi. Kuna bodi, chasisi, injini, siti, bampa za kung'aa, vioo, tairi laini, karatasi ya maelekezo na stika za kuloweka kwenye maji. Wewe ndiye kiwanda. Unakata, unasafisha, unagundisha, unapaka rangi. Vingi vya Kimarekani ni vya kipimo cha 1/25, maana yake gari la mita 5 linakuwa na sentimita 20. Vya Kijapani vingi ni 1/24. Waingereza wa Airfix wao walizoea 1/32, vidogo zaidi.

WALIKOTOKA

Mambo haya yana kwao, na kwao ni Detroit na vitongoji vyake, jimbo la Michigan, kule kwenye viwanda vya magari ya kweli. Mwaka 1948 ilianza kampuni iitwayo AMT. Herufi hizo ni kifupi cha Aluminum Model Toys, kwa sababu vigari vyao vya mwanzo vilikuwa vya alumini kabla hawajahamia kwenye plastiki. Havikuwa vya kuuza dukani. Vilikuwa vya wauza magari: unakwenda kuangalia Ford mpya, muuzaji anakupa kigari kinachofanana nayo, mwanao anakilalia usiku, kesho anakusumbua, "Baba, lini tunanunua?" Ujanja wa biashara haukuanza leo!

Mwaka 1958 hao hao AMT wakaja na boksi lililobadilisha mchezo. Boksi moja, gari moja, lakini vipande vya kuliunga kwa njia tatu: kama lilivyotoka kiwandani, au lililopambwa kihuni la kutembelea mjini, au la mashindano. Kijana wa miaka 12 akawa injinia. Walikuwapo pia Jo-Han, kampuni ya John Hanley hapo hapo Detroit. Kulikuwa na Monogram, iliyoanza mwaka 1945 kule Illinois, na Revell ya California. Mwaka 1968 Monogram walitoa kigari kiitwacho Red Baron, kilichochorwa na Tom Daniel, paa lake likiwa kofia ya chuma ya Kijerumani. Kilipendwa mpaka watu wakatengeneza gari la kweli kwa kuiga kigari! Kwa kawaida mtoto hufanana na baba. Hapo baba ndiye alifanana na mtoto.

Sasa sikilizeni jambo hili, kwa sababu ndilo kiini cha maneno yangu ya leo. Kalibu ya chuma ya kumiminia plastiki ni ghali mno. Miaka ile kila mwaka Detroit ilikuwa inabadilisha sura za magari, na vigari vilitakiwa vibadilike navyo. Basi mara nyingi kiwanda kilichukua kalibu ile ile ya mwaka jana, kikaichonga upya ikatoa gari la mwaka huu. Ikishachongwa, la mwaka jana limekufa. Halichapwi tena. Vilivyobaki duniani ni vile vile vilivyonunuliwa na watoto wa wakati ule, na unajua mwenyewe mtoto akipata gari anavyolifanya. Vingine vilipigwa fataki, vingine vililipuliwa kwa kiberiti, vingine viliishia kwenye mchanga.

Ndiyo maana leo mtu akiokota kimoja kwenye boksi la takataka, kimejaa gundi, hakina tairi moja, kimepakwa rangi kwa brashi kama ukuta wa gulio, anakibeba kama kaokota dhahabu.

BARUA KUTOKA OHIO

Nimepata barua kutoka kwa msomaji wetu aliyeko Toledo, Ohio, mwendo wa kama saa moja tu kwa gari kutoka Detroit. Hakutaka jina lake litajwe, anajiita "Mkwe Njia Panda". Naifupisha:

"Shikamoo Anko. Mimi ni mzaliwa wa Morogoro, nimeoa huku. Baba mkwe wangu alifariki mwaka jana, Mungu amlaze pema. Alikuwa fundi kiwandani maisha yake yote. Chumba cha chini ya nyumba kaacha rafu nzima ya vigari vya plastiki: vingine havijafunguliwa boksi, vingine vibovu alikuwa anavikusanya kwenye minada ya vitu chakavu. Mke wangu anataka viuzwe vyote. Shemeji yangu anataka kulikata paa la Mercury ya 1949 aliteremshe chini kama yale magari ya wahuni wa California. Mimi nataka nitengeneze kimoja tu, Ford Thunderbird ya 1962. Mama mkwe anasema marehemu alikiunga akiwa na miaka 12, yeye na baba yake, kwenye meza ya jikoni. Kimechakaa Anko! Rangi nyekundu ya brashi imeganda mabonge, kioo kimepata ukungu wa gundi, gurudumu moja limeyeyuka, na juu ya paa kuna alama ya dole gumba. Nataka nimfanyie mke wangu sapraizi siku ya kumbukumbu ya mwaka mmoja. Mafuta ya breki nimeshanunua, Jumapili nakitumbukiza kitoke rangi yote. Naomba unielekeze hatua."

Marahaba mwanangu. Hatua nitakuelekeza. Lakini kwanza hilo dumu la mafuta ya breki liweke chini, na mfuniko ukaze. Nitakuambia sababu mbele ya safari.

RUNDO TATU

Kabla ya kushika kisu, panga vitu vyote mafungu matatu. Fungu la kwanza ni maboksi ambayo hayajaungwa. Fungu la pili ni mabovu ambayo marehemu aliyaokota, yaliungwa na watu baki. Fungu la tatu ni yale aliyoyaunga kwa mkono wake.

Fungu la kwanza usiliguse. Kigari cha zamani ambacho hakijaungwa huuzika ghali kuliko kilichoungwa, na boksi lenyewe pamoja na karatasi ya maelekezo vina bei yake. Orodhesha kila kimoja kwenye daftari: jina la kampuni, namba ya boksi, kimetimia au hakijatimia. Mali bila daftari huisha bila habari. Kisha kumbuka adabu: wewe ni mkwe. Urithi ni wa mama mkwe, mkeo na shemeji yako. Kazi yako ni kuwapa orodha na kunyamaza kidogo.

Ila angalia boksi vizuri. Vigari vingi vya zamani vimechapwa upya. Chapa ya AMT ilipita mikononi mwa Lesney, ikaenda Ertl, na siku hizi iko kwa Round 2 wa South Bend, Indiana, ambao wanatoa tena yale ya zamani kwa picha za boksi za zamani. Boksi linaweza kuonekana la kibabu kumbe ni la juzi. Tafuta mwaka wa haki miliki ulioandikwa kwa herufi ndogo pembeni ya boksi, uangalie ule wa karibuni zaidi. Herufi ndogo ndizo zinazosema kweli.

KUKIFUFUA KIBOVU

Sasa fungu la pili. Hapa ndipo mikono inapowasha, na hapa ruksa.

Kwanza kubomoa. Gundi ya zamani ya plastiki haikuwa inanata tu, ilikuwa inayeyusha plastiki mbili zikawa moja. Lakini ikikaa miaka mingi inakauka na kuwa kavu kama kashata. Kiweke kigari kwenye friza usiku kucha, ndani ya mfuko. Asubuhi kitoe, kizungushe polepole kwenye maungio. Utasikia "ta!" na bampa limeachia. Pasipoachia usilazimishe. Tumia msumeno mwembamba au wembe, nenda taratibu. Haraka haraka haina baraka, na hapa haraka ina nguzo ya paa iliyovunjika.

Pili kutoa rangi. Mafundi wa huko wanatumia mafuta ya breki kweli, au dawa ya kusafishia oveni yenye kostik, ile ile jamii ya kostik ya kutengenezea sabuni. Spiriti kali ya hospitali inafaa kwa rangi laini za akriliki. Unaloweka, unasubiri saa kadhaa au hata siku kadhaa, unasugua kwa mswaki mkuukuu, unarudia. Vaa glavu, fungua madirisha, weka mbali na watoto, na ukimaliza usimwage kwenye mfereji. Jaribu kwanza kwenye kipande kisichoonekana. Na nakuapia: petroli, thina na dawa ya kuondolea rangi ya kucha visikaribie hapo! Vitakiyeyusha kigari kikawa uji.

Ule ung'aavu wa bampa nao una siri yake. Siyo kromu kama ya gari la kweli. Ni alumini iliyogeuzwa mvuke ndani ya chemba isiyo na hewa, ikaganda juu ya plastiki kama utando. Ukiloweka kwenye jiki unatoweka mbele ya macho yako. Ukitaka kuurudisha kuna karatasi nyembamba sana za chuma zenye gundi, unazibandika, unazikandamiza kwa kijiti cha meno mpaka ziingie kwenye mistari, unakata pembeni kwa wembe mpya. Nasema mpya. Wembe ulionyolea ndevu utachana kila kitu. Siku hizi kuna na kalamu za rangi ya kromu, unachora tu.

Tatu kunyoosha. Bodi ikiwa imepinda, iweke kwenye maji ya moto, siyo yanayochemka, kisha inyooshe kwa vidole na uipoze kwenye maji baridi ukiwa umeishikilia. Lakini vile vigari vya wauza magari vya miaka ya 1950 vilivyotengenezwa kwa plastiki ya asetati ni wakaidi. Vilipinda vyenyewe kwa umri, na ukivinyoosha leo kesho vinarudi kule kule, kama watu fulani tunaowajua.

Nne vioo. Kioo chenye mikwaruzo kisugue kwa msasa laini kabisa wa maji, halafu dawa ya meno na kitambaa laini, halafu kichovye kwenye nta ya akriliki ya kung'arishia sakafu. Kinatoka kama kipya. Kilichoyeyushwa na gundi hadi ndani hakiponi, kinatafutiwa mwenzake.

Na hapo tunafika kwenye spea. Mafundi magari wa mitaani kwetu wanajua kuchinja gari: linaletwa bovu moja linatoa uhai kwa matatu. Huku nako ni hivyo hivyo. Hakuna mshabiki anayetupa kigari kibovu, anakichinja. Kikikosekana cha kuchinja, unachukua kipande kizima cha rafiki, unakizungushia mpira wa silikoni, unapata kalibu, unamimina rezini, na kipande kinazaliwa. Wengine siku hizi wanachora kwenye kompyuta na kuchapa kwa printa za 3D. Antena iliyokatika usinunue: chukua ile fremu ya plastiki iliyoshika vipande, ipashe juu ya mshumaa mpaka ilainike, itoe kwenye moto, vuta pande mbili. Unapata uzi mwembamba kama unywele.

Tano rangi. Hapa wengi ndipo wanapoharibu. Fanya hesabu: rangi nene milimita 1 kwenye kigari cha 1/25 ni sawa na sentimita mbili na nusu kwenye gari la kweli. Huo si mpako, hiyo ni plasta! Ndiyo maana brashi ya mtoto wa 1962 ilifunika mistari ya milango. Puliza praima nyembamba, acha ikauke, pitisha msasa, puliza rangi nyembamba mara kadhaa. Mkono mmoja mzito unamwaga kazi ya mwezi.

Stika za zamani zikiwa na umanjano, zibandike dirishani kwa selotepu zikiangalia jua siku kadhaa. Umanjano unapungua wenyewe. Kisha zipulizie vanishi laini kabla ya kuziloweka, la sivyo zitasambaratika majini vipande mia.

SHEMEJI NA MSUMENO WAKE

Tuje kwa shemeji. Msimwite mharibifu. Kukata na kubadilisha ni mila ya mchezo huu tangu lile boksi la njia tatu la 1958. Na Mercury ya 1949 ndiyo gari lenyewe hasa: Sam Barris wa California alilikata la kwake la kweli akalifanya fupi, na watu wameiga mpaka leo. Ile Mercury ya 1951 ya Bob Hirohata, iliyokatwa kwenye karakana hiyo hiyo ya akina Barris mwaka 1952, ilipigwa mnada Januari 2022 ikaenda kwa zaidi ya dola milioni 2. Kwa hiyo anayesema gari lililokatwa limekufa, hajui.

Lakini kukata kuna akili. Kipande cha milimita 3 ukikiondoa kwenye nguzo za paa la kigari, ni kama sentimita saba na nusu kwenye gari la kweli. Inatosha kabisa. Tatizo ni kwamba nguzo za mbele zimelala. Ukizifupisha, paa linashuka lakini halikutani tena na nguzo zake. Inabidi ulikate paa lenyewe katikati kwa upana, ulivute mbele na nyuma, uzibe pengo kwa ukanda wa plastiki, ujaze puti, upige msasa mpaka uchoke. Na vioo vyote havikai tena, unakata vingine. Wengi huanza kwa mbwembwe wanaishia njiani, kigari kinabaki kwenye boksi bila paa, kama basi la wazi.

Basi ushauri wangu kwa shemeji ni huu: Mercury ya 1949 ya AMT kalibu yake ni ya miaka ya 1960 na imechapwa tena na tena. Anunue toleo la juzi, alikate apendavyo. Akiharibu ananunua lingine. Lile boksi la zamani la baba yake aliache. Usitupe mbachao kwa msala upitao, lakini pia msala ukiwa wa bei nafuu, jifunzie juu yake!

Tazameni lile gari la Chrysler la injini ya tabini la mwaka 1963. Kampuni ilitengeneza 55 tu pamoja na ya majaribio, ikawaazima wananchi wayaendeshe, halafu mengi sana ikayaponda yenyewe. Yamebaki tisa. Lakini Jo-Han walikuwa wametoa kigari chake cha 1/25, kizuri mno, injini na kila kitu. Watoto wengi wameliona gari hilo kwenye meza ya jikoni tu. Kumbe plastiki inaweza kuwa shahidi pale chuma kilipopondwa.

DOLE GUMBA

Sasa wewe Mkwe Njia Panda. Umeona nilivyokupa mbinu zote za kutoa rangi. Kwenye ile Thunderbird usitumie hata moja.

Fikiria. Hiyo rangi mabonge ni mkono wa mtoto wa miaka 12. Huo ukungu wa gundi kwenye kioo ni haraka yake ya kutaka kuliona limekwisha kabla ya kulala. Na hilo dole gumba, nani anajua ni la nani? Pengine ni la kwake. Pengine ni la baba yake, alikishika kukiangalia kabla rangi haijakauka. Hao wote wawili wamekwisha ondoka. Wewe unataka kuweka mafuta ya breki, usugue kwa mswaki, halafu umletee mkeo kigari kinachong'aa kama kimetoka dukani jana! Ataangalia, atasema ahsante kwa sababu ana adabu, kisha atakwenda kulia bafuni. Na maji yakimwagika hayazoleki.

Kigari kibovu cha mtu baki kina kasoro. Cha marehemu kina alama. Ni vitu viwili tofauti, na mafuta ya breki hayajui tofauti yake.

Fanya hivi. Futa vumbi kwa brashi laini kavu. Penye uchafu mkaidi tumia pamba ya kijiti yenye unyevu kidogo tu, usilowanishe stika. Kipande kilicholegea kishikize kwa gundi nyeupe, ile ya shuleni, maana haiyeyushi plastiki na ikitakiwa kutolewa inatoka kwa maji. Gurudumu lililoyeyuka usilitengeneze, ila zuia lisiendelee. Mafuta yaliyomo kwenye tairi laini ndiyo yanayokula plastiki ngumu yakigusana nayo miaka na miaka. Weka kipande chembamba cha foili katikati ya tairi na rimu. Kisha kiweke kwenye kasha la kioo, mbali na jua na mbali na hita, maana huko kwenu baridi mnawasha hita kama tanuru.

Na hiyo sapraizi, achana nayo. Kitu cha marehemu hakifanyiwi sapraizi. Mwite mkeo, mwite mama mkwe, kiwekeni mezani, mwulize mama akuhadithie tena habari ya ile meza ya jikoni. Kama mikono inakuwasha, tafuta Thunderbird nyingine, iliyookotwa au iliyochapwa upya, ifufue kwa ufundi wako wote, ipake nyekundu ile ile, uiweke kando ya ile ya kwanza. Moja ya marehemu, moja ya mkwe wake. Huyo mwanamke anayetaka viuzwe vyote, mwache aamue siku hiyo baada ya kuviona viwili pamoja. Akisema bado viuzwe, basi vingine viuzwe. Hiyo ndiyo haki yake.

NA SISI TUMO

Msidhani haya ni ya Wamarekani peke yao. Mji wa Shizuoka na jirani zake kule Japani ndiko nyumbani kwa Tamiya na Hasegawa, na Hasegawa walitoa kigari cha 1/24 cha Datsun 240Z iliyoshinda East African Safari Rally mwaka 1971, ikiendeshwa na Edgar Herrmann na msoma ramani wake Hans Schüller. Enzi hizo rali ilikuwa inapita Kenya, Uganda na Tanzania. Kwa hiyo kuna Mjapani, pengine hajawahi kukanyaga Afrika, anakaa usiku anachanganya unga wa chaki nyekundu na kahawia ili apate rangi ya tope letu! Wenzake wanang'arisha, yeye anachafua kwa makusudi, kwa sababu gari la Safari lililo safi ni uongo.

Mwenye watoto nyumbani ajaribu. Anza na kigari rahisi, siyo cha zamani. Kaeni mezani pamoja, gazeti limetandikwa, dirisha liko wazi, maana gundi na rangi si vya kunusa, na ukipuliza rangi toka nje na uvae barakoa. Wembe ashike mkubwa. Rangi apake mdogo. Akipaka vibaya, mwache.

Wiki ijayo, Mungu akitujalia uzima, tutajibu barua ya dada wa Tanga ambaye mumewe kanunua pikipiki ya mwaka 1974 isiyo na injini na kaiegesha sebuleni. Mwenye ushauri awahi kuniandikia kabla dada hajaitupa nje.

Mpaka hapo, kwaherini.